Kinywa cha Théo

Kamina, 17 Januari 1999

Kwako kaka yangu mkubwa, yaya Nahum,

Nakusalimia kwa mikono miwili, weye na bibi yako Salomé na watoto wote. Barua hii anaibeba Pasta Lazare anayeshuka Lubumbashi, kama treni itatoka. Imelala stesheni tangu Noeli kwa kukosa mafuta ya mazuti. Mama yuko. Anakula kidogo, na mguu wake umeanza tena kuvimba. Mvua imeangusha ukuta wa jiko, tumeziba na bati. Shule tulifungua, lakini darasani kwangu wamebaki wasichana. Wavulana wakubwa wanajificha wasikamatwe kupelekwa mbele vitani. Samaki wa Kinkondja hawafiki tena, tunakula ugali wetu wa bukari na majani ya sombe, tunamshukuru Mungu.

Nimetanguliza hayo kwa sababu neno lenyewe ni zito. Ulisikia kwamba mudogo wetu Théo alikufa mwezi wa kumi na moja, na kwamba ilikuwa homa. Yaya, si homa.

Unajua kwamba vita ilipoanza, askari wageni walikuja kutoka kusini kusaidia serikali. Hapa Kamina wakubwa wao wanakaa katika nyumba kubwa karibu na stesheni. Hawajui Kifaransa, hawajui Kiswahili. Théo alipata kazi ya kuwatafsiria, pamoja na Amédée wa mzee Monga. Ndiyo, Amédée yule yule aliyekula kwetu tangu utoto. Kisha meja wao akasema anataka mtafsiri mmoja tu, mwingine aende vitani na kikosi.

Priscille wa kanisa letu anawapikia pale. Alikuwa anamimina chai aliposikia Amédée anamwambia meja: Théo alisoma Bunia, Kiingereza chake amekipata kwa mwalimu wa Uganda, na si Uganda njo wanatupiga? Meja akamtoa Amédée nje, akamwita Théo, akamfungulia Agano Jipya, akamwambia soma. Théo akasoma. Kiingereza cha Priscille ni cha jikoni, mengi ya kitabu yalimpita, lakini neno moja lilimkaa sikioni kwa sababu meja alilirudia akipiga meza: "Wak! Wak!" Siku ile ile jeep ikamchukua. Sisi tuliletewa viatu na habari ya homa.

Na Amédée, ingawa ni Mkatoliki, alikaa kwenye matanga yetu mpaka mwisho, akaimba nyimbo zetu, akalia kutushinda sisi. Hajui kama Priscille alisema. Hata Mama sijamwambia.

Nijibu jambo moja. Huko kwenu Zambia, hapo Ndola, kazi kwa Kiingereza wanasema "wek" ao "wak"? Na watu wa Uganda je? Sikiliza vizuri, uniandikie. Usiniulize sababu.

Mudogo wako,
Béthanie


Ndola, 3 Machi 1999

Mudogo wangu Béthanie,

Barua yako ilinifikia jana, imelowana, imepitia mikono ya madereva watatu. Sisi tu wazima. Salomé anauza maandazi, watoto wanasema Kibemba kuliko Kiluba, minyi bado niko kwenye duka la mbao. Mpe Mama dawa hii ya mguu, apake, asinywe.

Niliisoma nimesimama, kisha nikatoka nyuma ya duka nikaupiga ukuta mpaka mkono ukafura. Amédée! Minyi njo nilimfundisha kuogelea. Ningemwacha mtoni siku ile.

Unauliza habari ya maneno. Hapa ni "wek". Kanisa ni "chech", msichana ni "gel", wa kwanza ni "fest". Watu wa Uganda, na wa Kenya pia, wanafungua kinywa: "wak", "chach", "gal", "fast". Mganda mmoja anayeuza vitambaa sokoni kwetu aligombea nafasi kwenye foleni, akasema yeye alikuwa "fast", maana yake wa kwanza. Wazambia wakamuuliza alikuwa anamkimbia nani. Hawakumfanyia kitu, walicheka tu. Minyi mwenyewe nilipofika na kinywa changu cha Kifaransa walinicheka mwaka mzima. Wale Waamerika wa misheni waliotufundisha wanaitafuna ile r kama muwa, na hakuna aliyewashika. Mtu anasema kama mwalimu wake alivyosema, basi. Ni kwa ajili hii walimuua mtoto wetu?

Hutaki nikuulize sababu, siulizi. Lakini kama ni jambo la kumfikia yule mtu, usinifiche.

Kaka yako,
Nahum


Kamina, 11 Aprili 1999

Yaya Nahum,

Dawa imefika, Mama anaipaka, anasema inawaka kama pilipili lakini usiku analala. Anakushukuru. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamekomaa kabla ya wezi kuyaona, hiyo ni baraka.

Mbele ya barua yako kunifikia, Amédée alikuja mwenyewe.

Alikuja na sukari na chumvi, akaketi kwenye kiti cha Théo. Akasema: "Yaya Béthanie, vita inakaribia. Meja anataka kunituma mbele na kikosi. Minyi nataka kutoroka na bibi yangu, tufike Zambia. Makaratasi ya Kizambia nimepata. Lakini ku bariyeri ya askari njiani banasikiliza kinywa. Unifundishe kusema sawa Muzambia wa kweli."

Nikamtazama. Yeye anajua kuliko wote kwamba kinywa kinaua. Ila hakuwa ndani Théo aliposoma; alijua kwamba kuna kitu kinachosikika, hakujua ni kipi.

Nikamwambia: "Njoo kila Jumanne na Ijumaa."

Barua yako ilipofika nilishaanza naye kidogo kidogo, salamu na majina ya vitu. Kisha nikampa kitu chenyewe. Nikamwambia sema "wak". Akashangaa: "Lakini askari banasema wek." Nikamjibu: "Askari ni watu wa inchi yao. Weye unataka kuwa Mzambia. Mzambia akisema wek, watajua ni mwongo." Akasitasita. Nikachukua barua yako, nikaikunja, nikamwonyesha mstari ule tu wenye "wak, chach, gal, fast" ulioandika kwa mkono wako, nikafunika yaliyo juu na yaliyo chini. Anaufahamu mwandiko wako, na anajua unakaa Zambia. Akatulia.

Sasa anasema vizuri sana. Kinywa cha Kifaransa ni kigumu, kinataka kukunja midomo, lakini minyi ni mwalimu, nakifungua. "Tena," namwambia. "Tena." Mama anachambua maharagwe mlangoni, anafurahi kusikia Kiingereza nyumbani, anasema ni kama Théo amerudi. Amédée akisikia hivyo anainamisha kichwa kama mtu mwema. Nami moyoni nasema: inamisha tu.

Wataondoka mvua ikikatika.

Béthanie


Ndola, 9 Mei 1999

Béthanie,

Leo sina habari za nyumba, dereva ananingoja. Nimesoma. Endelea. Mwongezee "bad" kwa ndege wa angani, na "nas" kwa muuguzi. Hapa ni "bed" na "nes". Mzoeze mpaka aote kwa lugha ile. Walipomchukua Théo hakuwa na mtu wa kumwonya. Na huyu asiwe naye.

Nahum


Kamina, 27 Juni 1999

Yaya Nahum,

Salamu nyingi. Mama anatembea mpaka kanisani sasa. Baridi ya asubuhi ni kali. Watu wengi wamefika kutoka upande wa Kabongo na magodoro kichwani. Familia mbili zinalala katika darasa langu. Minyi nilikuwa na homa kidogo, imepita.

Wameondoka. Alhamisi, juu ya kamio, lori ya mihogo.

Kuna jambo sikulijua nilipoanza. Juma la mwisho Amédée alikuja na bibi yake Éliane ili anisalimie. Ni msichana wa Kabondo-Dianda, bado mdogo, ana mimba kubwa. Hana neno na mtu. Akaketi mkekani na Mama, wakaanza kuchambua maharagwe pamoja, akacheka, akasema ili kunipendeza: "Mwalimu, na minyi najua. Bwana yangu ananifundisha nyumbani." Akafungua kinywa: "Wak. Chach. Gal." Safi kabisa, kuliko mume wake.

Yaya, niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Siku iliyofuata nikamwita peke yake, nikamwambia Mama anataka kumpa vitambaa vya mtoto. Nikamfundisha upya: wek, chech, gel. Akaniuliza kwa nini ni tofauti na ya bwana yake. Nikamdanganya, nikasema kule wanaume na wanawake hawasemi sawasawa, tena asimwambie, maana wanaume hawapendi kusahihishwa. Akacheka, akakubali. Ana sikio zuri. Kwa siku tatu alishika.

Yeye nimemtoa. Mume sikumtoa. Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema: "Yaya, Mungu akulipe." Nikamjibu: "Na weye pia."

Nimempa Éliane jina la duka lako la mbao. Akifika, mpokee. Usimwambie neno.

Béthanie


Ndola, 22 Agosti 1999

Mudogo wangu,

Mama na watu wote wa nyumba nawasalimia. Hapa redio inasema amani imetiwa sahihi Lusaka. Wakimbizi wanaoshuka kila siku hawajaisikia amani hiyo.

Éliane amefika. Alifika dukani kwa miguu, viatu mkononi, akasema jina langu. Salomé akamchukua nyumbani, na baada ya siku chache akajifungua mtoto wa kike. Wote wawili ni wazima. Majirani wanasema mama huyu anasema kama mtu wa Kitwe.

Habari ya njiani amenisimulia kidogo kidogo, nami nitakusimulia vile vile alivyosema.

Mbele ya Likasi kulikuwa na bariyeri ya askari wageni. Wakawashusha wote. Wakamuuliza yeye kwanza anatoka wapi, kazi gani. Akajibu ulivyomfundisha. Askari akacheka, akamwambia, "Mama, rudi kwenu ukazalie huko," akampa maji. Kisha wakamuuliza Amédée. Akajibu kwa sauti kubwa, bila wasiwasi, kama mwanafunzi anayejua somo lake. Éliane anasema askari waliacha kutafuna mihogo. Wakamwambia arudie. Akarudia. Mmoja wakamtuma akamwite mkubwa.

Éliane alisikia tofauti pale pale, anasema ilikuwa kama kusikia mlango unafungwa. Makaratasi yao hayakuwa na jina moja. Askari akamgeukia: "Mtu huyu unamjua?" Na Amédée akamtazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Éliane akasema hapana, simjui. Kamio ikaondoka na Éliane, Amédée akabaki.

Béthanie, nilikuandikia endelea. Siku Éliane alipofika bila mume nilitoka nje nikacheka peke yangu. Lakini sasa yuko hapa nyumbani. Anaosha vyombo vyetu, ananiita yaya, na kila jioni anauliza: "Yaya Nahum, mwalimu alijua?" Namjibu sijui. Salomé ananitazama tu. Éliane anakuombea weye kila siku kwa jina, anasema ulimwokoa yeye na mtoto.

Umesikia lolote juu ya Amédée? Niandikie. Nimwambie nini huyu mwanamke?

Nahum


Kamina, 10 Oktoba 1999

Yaya Nahum,

Salamu kwako, kwa Salomé, kwa watoto, na kwa Éliane na mtoto wake. Mama ni mzima. Mvua ya kwanza imenyesha. Minyi sifundishi tena, utaona kwa nini. Kaa chini usome.

Walimrudisha Amédée Kamina. Kule bariyeri alipopigwa alitaja jina la meja, akasema alikuwa mtafsiri wake. Wakamleta kwa treni ya jeshi. Meja alipomsikia alishangaa: mtu huyu alipokuwa hapa hakusema hivi, ametoroka, ana makaratasi ya uongo, na sasa anasema kama maadui. Alikuwa wapi? Nani amemfundisha? Amédée akasema: Mwalimu Béthanie wa Wametodisti.

Wakanifuata shuleni, mbele ya wasichana wangu.

Njiani nilitayarisha jibu. Lilikuwa jepesi: simjui mtu huyu, sijamfundisha. Naapa kwako, yaya, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nikilirudia lile jibu kama wimbo. Miezi yote ile nilingoja niwe mlangoni naye awe ndani.

Alikuwa ameketi chini ukutani, mdomo umefura, jicho moja limefungwa. Priscille alikuwa anakusanya vikombe, hakunitazama. Meja alinisemesha Kiingereza, kwa heshima, akaniita madamu. Akasema: "Mtu huyu anasema umemfundisha weye. Sisi tunajua Kiingereza hiki kinatoka wapi. Yule wa kwanza pia alikuwa nacho, tukajua ni mpelelezi. Huyu pia ni mpelelezi. Sema tu: ulimfundisha ao hukumfundisha?"

Yule wa kwanza. Hata jina lake hakulitaja.

Pale njo niliona. Kama Amédée ni mpelelezi kwa sababu ya "wak", basi Théo naye alikuwa mpelelezi. Nikimuua Amédée kwa neno lile, nimetia sahihi kwa mkono wangu kwamba mudogo wetu aliuawa kwa haki. Nilikuwa nimesimama upande wa meja, yaya. Na weye nyuma yangu.

Nikasema: "Nilimfundisha minyi."

Meja akainua kichwa. Nikaendelea, na sauti yangu sikuitambua: "Huyu alizaliwa Kamina. Kabla ya kutoroka hakupata kuvuka Lualaba. Hajapata kumwona mtu wa Uganda kwa macho. Kinywa hiki nilimtia minyi, mwanamke mwenye kipande cha chaki, kati ya mvua na kiangazi. Naweza kumfundisha askari wako yeyote, na ukimsikia utampiga risasi. Sasa uniambie, kwa ndugu yangu Théo ulisikia nini? Ulisikia mwalimu wake wa Bunia. Hukusikia kitu kingine."

Meja akauliza: "Kwa nini umemfundisha hivi?"

Nikamjibu: "Ili umsikie kama ulivyomsikia ndugu yangu."

"Nani amekuambia habari za humu ndani?"

Nikamsikia Priscille anaweka vikombe chini. Nikanyoosha kidole kwa Amédée. "Muulize yeye nani alianza."

Amédée akasema kwa Kiswahili, pole pole kwa sababu ya mdomo: "Ni minyi. Sikutaka kwenda mbele na kikosi. Nilijua Théo haiko mupelelezi." Kisha hakuna aliyekuwa wa kutafsiri, ila minyi. Nikamtafsiria meja neno kwa neno, kwa Kiingereza cha Waamerika, cha Zambia, sijui cha nani. Cha kwangu.

Meja akaenda dirishani, akatazama reli. Sijui alifikiri nini, wala sitaki kujua. Hakuomba msamaha. Alisema Amédée aachiliwe, aondoke mji huu. Juu yangu minyi, akasema nisiingie tena darasani, na kama ningekuwa mwanaume angenifunga. Nilipofika mlangoni akasema bila kugeuka: "Ndugu yako alisoma mpaka mwisho wa sura."

Nje nilimwambia Amédée: "Tangulia." Akajua ni wapi. Alitembea mbele yangu sokoni kote na uso ule, watu wakanyamaza, mpaka nyumbani kwa Mama. Akapiga magoti kwenye mkeka, akamwambia Mama yote kwa kinywa chake, kwa Kiluba. Sikumsaidia hata neno.

Mama hakulia. Alimuuliza moja tu: "Mwanangu alipokuwa anasoma, weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyuma ya mlango, Mama. Nilisikia sauti, sikusikia maneno."

Mama akasema: "Nilikupa chakula. Ondoka. Usife hapa Kamina. Ukafe mbali, nisije nikaitwa kwenye matanga yako."

Akaondoka siku ile ile kwa miguu, njia ya Bukama. Wengine wanasema alipanda mtumbwi, wengine wanasema jeshi lilimkamata tena. Sijui.

Unauliza umwambie nini Éliane. Mwambie yote, tangu sukari na chumvi mpaka kwenye mkeka wa Mama. Mwambie nilijua. Mwambie mume wake alitoka humu akiwa hai, na kwamba akibisha hodi siku moja, kumfungulia ao kutomfungulia ni juu yake mwenyewe. Akiacha kuniombea, ana haki.

Sikumsamehe, yaya. Usije ukahubiri kwa watu kwamba nilimsamehe. Jumapili pasta alisimama kanisani akataja jina zima la Théo, akasema aliuawa bila kosa, na watu wote wakasema amina. Hilo njo nililichukua mkononi mwa meja, na silirudishi.

Mama analala usiku mzima sasa. Minyi bado.

Béthanie